Mtoto anauliza kama kutu ni mdudu: nimjibuje?

"Assalaam aleikum mwalimu. Naishi Tanga, Ngamiani. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 7 na wa kiume 10. Baiskeli ya kaka mtu imeshaanza kushika kutu na haijamaliza hata mwaka. Yule mdogo akaniuliza kama kutu ni mdudu anayekula chuma. Nikamwambia ni chumvi ya bahari. Akaniambia, mbona msumari uliozama kwenye ndoo ya maji ya bomba nao una kutu? Nikakwama. Baba yao hataki wacheze na vyuma vyenye kutu, anasema watapata pepopunda. Mkubwa naye ameona video kwenye simu, watu wanachanganya vitu vinatoa povu, sasa ananisumbua anataka kuchanganya Jik na siki. Natamani kuwafundisha vizuri, ila mimi sayansi niliiachia kidato cha pili. Nianzie wapi, na vitu gani wasivikaribie kabisa? Na hiyo baiskeli niifanyeje?"

Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na lile lisilosubiri: Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isikutane na siki, wala ndimu, wala dawa ya kusafishia choo. Chupa hiyo ipande juu ya kabati leo hii. Sababu nitaieleza huko chini. Mengine uliyouliza tunaweza kuyazungumza taratibu.

Naona una wasiwasi wa aina mbili. Umekwama mbele ya mtoto na unadhani kukwama huko ni upungufu wako. Halafu unahofia kwamba ukiwaachia wachunguze, utawaingiza hatarini. Hofu ya pili ina msingi, tutaifikia. Ya kwanza nakukatalia. Mtoto wa miaka 7 aliyepewa jibu, akaenda kutafuta kitu kinacholipinga jibu hilo, akakuletea msumari wa kwenye ndoo, amefanya kazi ambayo wanafunzi wengi wa sekondari hawaifanyi mpaka wasukumwe. Wewe nawe hukumdanganya. Ulimpa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo somo lenyewe: kuna kitu kinachosababisha jambo, na kuna kitu kinacholiharakisha tu. Mimi ningewafundisha hilo kabla ya jina la kemikali yoyote.

Kutu inataka vitu vitatu vikutane: chuma, maji na oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoihitaji katika kupumua. Ukiondoa kimoja, kutu haitokei. Chumvi haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana msumari wa kwenye ndoo ulishika kutu bila kuonja bahari. Kazi ya chumvi ni kama ya upepo kwenye jiko la mkaa: haukuwasha moto, lakini ukipiga unaukoleza.

Sasa kwa nini chumvi inakoleza? Hapa ninamlenga zaidi kijana wako wa miaka 10, na njia nzuri ya kumwonyesha ni tone moja la maji. Pita kwa fundi wa kuchomelea mageti, muombe kipande bapa cha chuma, anavitupa kila siku. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kioshe kwa sabuni, kikaushe. Koroga chumvi kidogo kwenye maji, dondosha tone moja juu ya chuma, kisha mkae nalo kivulini. Baada ya saa moja au mbili mtaona rangi ya kahawia inaanza kujichora ndani ya tone. Haienei sawasawa. Inajipanga kama pete, huku katikati ya tone chuma kikibaki na weusi-weusi. Futa tone hilo kesho yake, utazame kwa miwani ya babu au kamera ya simu: kishimo kimechimbika pale katikati, wakati kutu imekaa pembeni.

Pete hiyo inaonyesha kila kitu. Pembeni mwa tone maji ni membamba, kwa hiyo oksijeni ya hewani inafika kwa urahisi. Katikati maji ni mazito zaidi, oksijeni ni chache. Chuma cha katikati kinaachia elektroni zake, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme, na kuyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji. Elektroni hizo zinapita ndani ya chuma chenyewe hadi pembeni, zinapokelewa na oksijeni pamoja na maji. Vilivyoyeyuka katikati vinakutana na vilivyozaliwa pembeni, vinashikana, vinaongeza oksijeni nyingine, na matokeo ndiyo ile rojo ya kahawia tunayoiita kutu. Kwa maneno mengine, ndani ya tone moja kuna umeme mdogo unaozunguka. Maji matupu ni njia mbovu ya umeme huo. Ukitia chumvi, njia inafunguka, na mzunguko unakwenda kasi.

Chumvi ya bahari ina kosa la pili. Inavuta unyevu kutoka hewani. Wewe mwenyewe unaijua, ni ile chumvi ya jikoni inayolowana ndani ya kopo wakati wa masika ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Upepo wa baharini unaacha chembe za chumvi hiyo juu ya paa, juu ya geti, juu ya rimu za baiskeli. Hata siku ambazo hakuna mvua, chembe hizo zinajitengenezea maji yake usiku. Ndiyo maana bati la Raskazone, kando ya bahari, linachoka kabla ya bati la aina ileile lililoezekwa Korogwe, mbali na pwani.

Binti yako mwambie hivi: kutu si mdudu, hakuna anayekula. Ni chuma chenyewe kimeshikana na hewa, maji yakiwa ndiyo yaliyowakutanisha. Na akikuuliza, kama hakuna anayekula mbona chuma kinaisha, usimkatishe. Kwa kweli hakiishi. Gramu 112 za chuma safi zikigeuka zote kuwa oksidi nyekundu ya chuma, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, zinakuwa gramu 160, bila kuhesabu maji yaliyonaswa humo ndani. Uzito umeongezeka, kwa sababu oksijeni nayo ina uzito wake. Kinachotudanganya macho ni kwamba kutu haishikamani. Inamomonyoka, inaanguka, upepo unaichukua, na chini yake chuma kingine kipya kinabaki wazi kuanza upya. Sufuria yako ya aluminiamu nayo inashikana na oksijeni, tena haraka sana, ila oksidi yake ni utando mwembamba uliogandamana usiomomonyoka, basi mambo yanaishia hapohapo juu.

Kutu pia inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi. Ukitembea na watoto kwenye nyumba zilizo karibu na pwani, waonyeshe nguzo za zege zilizopasuka kwa urefu hadi nondo zinachungulia. Wengi husema zege lilikuwa bovu. Pengine kweli, lakini aliyelipasua mara nyingi ni nondo, iliyoshika kutu ndani, ikavimba, ikakosa pa kwenda.

Kuna jambo moja napenda kulisema kwa watoto wa mkoa huu hasa. Mkipanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto, ule udongo mwekundu wa kando ya barabara umepata wekundu wake kutokana na oksidi za chuma, ukoo mmoja na kutu ya baiskeli. Ardhini chuma karibu chote kimeshikana na oksijeni. Watu ndio waliokitenganisha nayo. Jirani zetu kule Upare, mafundi wa ukoo wa Washana walijulikana kwa kufua chuma, na chuma cha Upare kilipatikana kwa kuyeyusha mchanga mweusi wa mitoni kwenye tanuri la mkaa: mkaa unanyang'anya oksijeni, chuma kinabaki peke yake. Tangu siku hiyo chuma kinatafuta kurudi kilikotoka. Watoto wanalipenda wazo hili kuliko elektroni zote nilizotaja.

Sasa pepopunda. Hapa baba yao ana haki ya kuogopa, ila kamshika mtuhumiwa asiye yeye. Pepopunda inaletwa na bakteria anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na mbegu zake zinaweza kukaa muda mrefu sana bila kufa. Msumari wenye kutu unasingiziwa kwa sababu mara nyingi umelala kwenye uchafu huohuo, na ukichoma mguu unaingia ndani kabisa, mahali pasipo na hewa, ambako bakteria huyu anapapenda. Mwiba wa zizini hauna kutu hata chembe, na unaweza kuleta pepopunda vilevile. Kinachomkinga mtoto ni chanjo. Kwetu kinga ya pepopunda imo ndani ya chanjo ya Penta inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu kuzaliwa. Tazama kadi zao za kliniki kama zimekamilika. Mtoto akichomwa na kitu kikaingia ndani, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake mkononi, mhudumu ataamua kama anahitaji sindano nyingine. Msumari mpya uliooshwa, ukiwa ndani ya chupa ya jemu, hauna sababu ya kumtia mzazi hofu.

Na hapo ndipo pa kuanzia. Tafuta chupa nne za kioo zenye vifuniko na misumari minne ya mbao ya inchi 3. Usichukue ile ya kuezekea, kwa sababu imevishwa zinki na mtasubiri mpaka mchoke. Misumari ya dukani ina mafuta ya kiwandani, kwa hiyo ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, muisugue kwa msasa.

Chupa ya kwanza iwe kavu kabisa: msumari, pamoja na vile vipakiti vidogo vyenye punje ngumu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha funga. Vipakiti hivyo vinavuta unyevu, na visifunguliwe wala kutiwa mdomoni. Chupa ya pili iwe na maji bila hewa. Hii uifanye wewe: chemsha maji dakika 10 hivi ili oksijeni iliyoyeyuka humo itoke, yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu, mimina taratibu mpaka mdomoni kabisa, tumbukiza msumari, funga pasibaki hata kiputo. Kwenye maabara za shule tumezoea kumwaga mafuta juu ya maji hayo. Mafuta ya kupikia hayazuii oksijeni, yanaichelewesha tu, kwa hiyo nyumbani chupa iliyojaa na kufungwa vizuri ni afadhali. Chupa ya tatu tia maji ya bomba nusu, msumari ulale nusu ndani nusu nje, uache wazi. Ya nne ni vivyo hivyo, ila kwa maji ya bahari. Mkishindwa kwenda kuyachota, vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa lita moja ya maji vinakaribia kabisa. Msizidishe. Maji yaliyoshiba chumvi yanabeba oksijeni kidogo, na kutu yake huweza kuwa chache kuliko ya maji ya bahari, mkachanganyikiwa bure.

Kabla ya kufunga chochote, kila mtoto achore chupa nne kwenye daftari na aandike anadhani itakuwaje na kwa nini. Hili msiliruke hata kama wana haraka. Mtoto ambaye hakubashiri atatazama kutu na kusema "mh", basi. Aliyebashiri ana jambo la kutetea, atakuja kuchungulia kabla hajapiga mswaki.

Kesho yake asubuhi, chupa ya tatu na ya nne zitakuwa zimeanza kuonyesha kutu. Subirini wiki. Na hapa nikutahadharishe kitu ambacho vitabu vingi havikisemi: msumari wa maji ya bahari unaweza kuonekana msafi kuliko wa maji ya bomba. Mtoto atasema chumvi imeshindwa. Mwambie atazame chini ya chupa. Kwenye maji ya chumvi, vinavyounda kutu hukutana mbali kidogo na uso wa chuma, ndiyo ile pete ya kwenye tone, kwa hiyo kutu nyingi inadondoka na kutulia chini kama tope la kahawia. Chupa ya pili nayo huenda ikaonyesha vidoa viwili vitatu. Usiwaambie wamekosea. Waulize hiyo oksijeni kidogo imepitia wapi. Kifuniko? Kiputo kilichobaki wakati wa kufunga? Swali hilo lina thamani kuliko chupa safi.

Wakishaizoea, wapimie hewa. Tafuta stilwaya ya nyuzi laini zinazokatika mkononi, si ile ya kung'aa iliyojikunja isiyoshika kutu. Iloweke kwenye siki dakika chache, ikamue, ibandike kwenye kitako cha glasi, kisha pindua glasi ndani ya bakuli lenye maji. Weka alama ya usawa wa maji kwa kalamu. Baada ya siku moja au mbili stilwaya imegeuka kahawia na maji yamepanda ndani ya glasi, karibu sehemu 1 kati ya 5 ya nafasi iliyokuwa na hewa. Mahali palipokuwa na oksijeni maji yameingia, kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 hivi ya hewa. Mtaona mahali watu wakifanya hivi kwa mshumaa uliofunikwa glasi na kudai ni jambo lilelile. Si lilelile. Mshumaa unapasha hewa moto, hewa nyingine inatoroka kwa viputo, iliyobaki ikipoa inajikunyata na maji yanapanda, na huo mshumaa unazima oksijeni ikiwa bado ipo. Maji yakifika alama ya sehemu 1 kati ya 5 ni bahati tu.

Povu silidharau, najua kijana wako ndicho anachokitaka. Mpe magadi na ndimu. Kijiko cha magadi kwenye kisahani, kamulia ndimu, povu linapanda papo hapo, nalo ni kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya kwenye soda. Siki na ganda la kombe waliloliokota ufukweni nalo linatoa viputo vidogo, na yai bichi likilazwa kwenye siki siku mbili linavuliwa ganda lote, linabaki na ngozi laini. Siku mkienda mapango ya Amboni wataelewa maji ya mvua yalipataje kuchimba jiwe: maji yakibeba kaboni dayoksaidi yanakuwa na uchachu hafifu, chokaa ya mwamba inaliwa kidogo kidogo, miaka na miaka. Lakini povu lina kasoro moja: linaisha upesi na linamfanya mtoto atake povu kubwa zaidi. Ndiyo maana nimekuanzishia na msumari.

Kama unataka kitu cha kati, kisicho na hatari na kinachoshangaza, tumia binzari manjano. Bila shaka umeshaliona: doa la mchuzi kwenye kanzu nyeupe, ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu kama damu, ukalisuuza likarudi manjano. Ile si damu wala kitambaa hakijaharibika. Binzari inabadilika rangi ikikutana na kitu chenye asili ya alkali kama sabuni au magadi. Paka binzari iliyokorogwa kwenye karatasi nyeupe, ikauke, wape watoto vijiti vya kuchorea, kimoja maji ya sabuni, kingine ndimu. Juisi ya rosela nayo inafanya kazi hiyo: ndimu inaikoza wekundu, magadi yanaivuta kwenye buluu au kijani. Hapo watapanga wenyewe vitu vya jikoni katika makundi mawili, vyenye uchachu na vyenye alkali, bila ya wewe kuwaambia kipi ni kipi.

Turudi kwenye Jik. Humo ndani mna kemikali iitwayo hipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi yoyote, siki, ndimu, na mbaya zaidi dawa kali ya choo, inatoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi iliyotumika vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Inachoma macho na koo, na inaingia hadi kwenye mapafu. Chooni kwenye kidirisha kidogo, kiasi cha kumdhuru mtoto hakihitaji kuwa kingi. Jik ikikutana na amonia, ikiwemo inayotokana na mkojo uliolala, inatoa gesi nyingine zinazochoma vilevile. Sheria ya nyumbani iwe moja na isiwe na mjadala: Jik inachanganywa na maji tu, na anayeichanganya ni mtu mzima. Mwambie kijana sababu yenyewe, hasa huyu wa miaka 10. Akiambiwa "acha" bila sababu ataijaribu siku haupo.

Mengine ya kumkataza ni haya. Asifunge kifuniko juu ya kitu chochote kinachotoa povu, kwa sababu gesi isipopata njia inapasua chupa. Asikaribie chokaa isiyozimwa, inayochemka ikimwagiwa maji na kuunguza macho. Asifungue betri, iwe ya redio au ya simu. Asisugue rangi kuukuu kwenye mageti na madirisha ya chuma, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Hata magadi, ingawa tunayala, unga wake ukiingia jichoni unachoma. Na kitu chochote mlichokifanyia jaribio kisirudi chakulani, hata kama ni ndimu tupu.

Likitokea la kutokea: aliyevuta gesi atolewe nje penye hewa mara moja, na akiendelea kukohoa, kubanwa kifua au kupumua kwa shida, ni hospitali, msisubiri asubuhi. Jichoni mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, mkimfungulia kope, kisha mwende. Akimeza Jik au dawa ya choo msimtapishe, kwani itamuunguza tena ikirudi. Chukueni chupa yenyewe mwende nayo hospitali ya Bombo au kituo chochote kilicho karibu, ili daktari ajue amekunywa nini.

Upande wa masomo, kama utaona maswali ya mkubwa yanakupita, mpeleke kwa mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo jirani, siku ya jioni, akaone maabara. Kutu na kuungua ni mambo ambayo kwa miaka mingi yalifundishwa kidato cha kwanza, hivyo mwalimu hatashangaa, na wengi wetu tunafurahi mtoto akija na daftari lake lenye chupa nne.

Baiskeli sasa. Kwanza kagua kutu imefika wapi. Ikiwa ni vumbi la kahawia juu ya rimu na spoku, hiyo ni kazi yenu ya nyumbani. Karatasi ya foili iliyokunjwa, ikilowekwa maji na kusuguliwa taratibu juu ya sehemu zilizopakwa kromu, inatoa kutu vizuri bila kuchubua. Kwenye boliti na vyuma vidogo unaweza kutumia siki, ila ukimaliza osha kwa maji ya sabuni na ukaushe papo hapo, kwani chuma kilichotoka kwenye siki kikiachwa na maji kinashika kutu mbele ya macho yako. Mafuta ya taa ni mazuri ya kusafishia cheni na kulegeza nati zilizoganda, lakini si kinga, yanaruka na kuacha chuma wazi. Baada yake pakeni oili ya cherehani au ya baiskeli, tone moja moja kwenye kila kiungo cha cheni, kisha futeni inayobaki juu, ili isikusanye mchanga. Oili chafu ya gereji, ambayo wengi tunaikimbilia kwa kuwa ni ya bure, mimi siipendi kwenye mikono ya watoto. Mafuta ya kupikia nayo yanaganda na kuwa gundi.

Kinga kubwa zaidi haina gharama: akirudi kutoka ufukweni, baiskeli imwagiwe maji ya bomba kuondoa chumvi, ikaushwe kwa tambara, ilale ndani. Palipochubuka rangi kwenye fremu, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Ukipaka rangi juu ya kutu, kutu inaendelea chini kwa chini. Lakini ukiona imevimba kwenye maungio ya fremu au kwenye foku ya mbele, au ukibonyeza kwa bisibisi chuma kinamomonyoka, usiisugue tena. Ipeleke kwa fundi baiskeli aitazame kabla kijana hajaipanda, pamoja na waya za breki, kwa kuwa hizo huoza ndani ya ala zake bila kuonekana nje.